Amri za Kutunzia Mafaili katika Kompyuta

Katika ofisi yoyote iliyo kubwa kidogo kuna chumba kiitwacho masijala. Humo majalada hupangwa katika makabati, kila jalada likiwa na jina na namba yake, na karani wa masijala huweka daftari lionyeshalo kila jalada liko wapi. Ofisa anayehitaji jalada haingii mwenyewe kupekua makabati. Humwagiza karani kwa maneno machache, naye hulileta, hulinakili, hulihamisha au huliondoa kama alivyoagizwa. Kompyuta nayo ina masijala yake. Habari zote zilizomo katika diski, ziwe barua, picha, hesabu au programu zenyewe, zimewekwa katika mafaili, na mafaili hayo yamepangwa katika saraka, mfano wa droo za kabati, ambazo ndani yake mwaweza kuwamo saraka nyingine ndogo zaidi.

Watu wengi siku hizi huyaona mafaili yao kwa njia ya vijipicha kwenye kioo cha kompyuta, na huyahamisha kwa kipanya au kwa kidole. Lakini iko njia ya zamani zaidi, nayo ni kumwagiza karani kwa maneno yaliyoandikwa. Dirisha ambamo maagizo hayo huandikwa huitwa teminali. Njia hii haijafa hata kidogo. Kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, ambazo tangu Novemba 2017 zote hutumia mfumo wa Linux, huagizwa kwa amri za namna hii. Na fundi aitwaye usiku wa manane kuitengeneza mashine iliyoko mji mwingine mara nyingi hana chombo kingine mkononi mwake ila teminali.

Karani huyu wa kompyuta ni mwepesi na mtiifu. Utiifu wake, hata hivyo, umepita kiasi, kwa maana hutekeleza amri ya kipumbavu kwa bidii ile ile atumiayo kutekeleza amri ya busara, wala haulizi mara mbili. Kwa hiyo anayetaka kuzitumia amri hizi hana budi kufahamu si majina yake tu, bali pia kile kitendekacho ndani ya diski kila amri inapotolewa.

Asili ya majina mafupi

Amri nyingi zinazotumika leo zilizaliwa pamoja na mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko New Jersey, Marekani. Kitabu cha kwanza cha maelezo ya mfumo huo kina tarehe ya 3 Novemba 1971, na ndani yake tayari zimo amri cp, mv, rm, ls, mkdir na cat. Mtu aliyejifunza amri hizo mwaka ule, akiketishwa leo mbele ya kompyuta yenye Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, angeweza kuanza kazi bila kufundishwa upya. Ni vyombo vichache sana vya ufundi wa kompyuta vilivyodumu kiasi hicho.

Mgeni hushangaa kwa nini majina hayo yamekatwakatwa hivyo. Sababu ni mashine iliyotumika. Wakati ule hapakuwa na kioo. Mtumiaji aliketi mbele ya mashine ya kupigia chapa iliyounganishwa na kompyuta kwa waya, nayo iliandika kila kitu kwenye karatasi. Mashine iliyotumika sana, Teletype Model 33, iliweza kuandika herufi 10 tu kwa sekunde, na vitufe vyake vilikuwa vizito kwa vidole. Basi kila herufi iliyopunguzwa ilikuwa nafuu. Neno la Kiingereza “copy” likawa cp, “move” likawa mv, na “remove” likawa rm. Thompson alipoulizwa baadaye angebadili nini kama angeianza Unix upya, alijibu kwamba angeongeza herufi “e” mwishoni mwa jina la agizo moja la ndani liitwalo creat.

Kwa sababu hiyo hiyo ya karatasi na mwendo wa pole, amri zilifanywa kuwa kimya. Amri ikifaulu, kompyuta haisemi neno. Huonyesha tu alama ya kungoja amri nyingine. Ikishindwa, ndipo hueleza. Mgeni huudhani ukimya huo kuwa kasoro, kumbe ndilo jibu lenyewe.

Kujua ulipo

Tuseme mtafiti wa hali ya hewa ana saraka iitwayo mvua, na ndani yake kuna faili moja kwa kila mwezi lenye vipimo vya mvua. Akifungua teminali, jambo la kwanza alijualo mtu mwenye uzoefu ni kwamba kila wakati “amesimama” ndani ya saraka fulani, na amri zake nyingi zitatendeka hapo alipo. Amri pwd humwambia amesimama wapi. Jibu laweza kuwa hivi:

/home/mtafiti/mvua

Mkwaju wa kwanza kabisa ni shina la mti wote wa saraka. Mikwaju inayofuata hutenganisha saraka iliyo ndani ya nyingine. Ili kuhama hutumika cd pamoja na jina la saraka anayotaka kwenda, na nukta mbili zikifuata cd humrudisha hatua moja kuelekea shinani. Inafaa kuangaliwa kwamba katika Unix na Linux herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja: Mvua na mvua ni saraka mbili mbalimbali.

Amri ls huorodhesha yaliyomo. Ikiongezwa kistari na herufi l, yaani ls -l, orodha huwa ndefu, ikionyesha ruhusa za kila faili, mwenyewe, ukubwa wake kwa baiti na tarehe lilipobadilishwa mara ya mwisho. Baada ya ruhusa kuna tarakimu ndogo ambayo wengi huipita bila kuitazama. Tarakimu hiyo itaelezwa mbele, maana ndiyo ufunguo wa kufahamu ufutaji.

Mafaili ambayo majina yake huanza na nukta hayaonekani katika orodha ya ls mpaka iongezwe -a. Desturi hii, ambayo sasa hutumiwa na kila programu kuficha mafaili ya mipangilio, haikukusudiwa. Rob Pike, mmoja wa wataalamu wa Bell wa miaka iliyofuata, ameeleza kwamba mtungaji wa ls alitaka tu kuyaficha majina mawili maalumu, nukta moja na nukta mbili, yaliyomo katika kila saraka. Akachukua njia ya mkato ya kutazama herufi ya kwanza peke yake, na kila jina lianzalo kwa nukta likafichika pamoja nayo.

Saraka mpya hutengenezwa kwa mkdir, na iliyo tupu huondolewa kwa rmdir. Faili fupi husomwa kwa cat, na refu kwa less, ambayo huonyesha ukurasa mmoja mmoja. Hizi hazina madhara.

Kunakili na kuhamisha

Amri cp hutaka majina mawili, la faili lililopo na la nakala:

cp januari.txt januari-akiba.txt

Ikiwa jina la pili ni la saraka iliyopo, nakala huwekwa ndani ya saraka hiyo. Lakini ikiwa ni la faili ambalo tayari lipo, yaliyokuwamo hufutika na mapya kukaa mahali pake, bila onyo lolote. Ili kunakili saraka nzima pamoja na vyote vilivyomo huongezwa -r.

Amri mv huhamisha, na hiyo hiyo ndiyo ibadiliyo jina. Wengi huuliza kwa nini mambo mawili yalipewa amri moja. Katika masijala ya kompyuta ni jambo moja tu: mstari mmoja katika daftari unafutwa na mwingine kuandikwa. Yaliyomo katika faili hayaguswi, na ndiyo maana faili kubwa kama filamu nzima huhama papo hapo kutoka saraka moja hadi nyingine katika diski ile ile. Likihamishiwa diski nyingine, hapo hakuna njia ya mkato. Mv hulazimika kunakili kila baiti, kisha ndipo hulifuta la awali, na kazi hiyo yaweza kuchukua dakika nyingi.

Mtego wa mv unastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa huwanasa hata wazoefu. Mtafiti wetu anayo saraka iitwayo akiba, na anataka kuhamishia humo mafaili ya miezi mitatu. Kwa haraka anakosea herufi moja:

mv januari.txt akba
mv februari.txt akba
mv machi.txt akba

Saraka yenye jina akba haipo. Kwa hiyo amri ya kwanza hailalamiki, bali hulibadili jina faili la Januari liwe akba. Amri ya pili hulikuta faili liitwalo akba, ikaliondoa, na kuliweka la Februari mahali pake. Ya tatu hulitendea la Februari vivyo hivyo. Mwisho wa yote kompyuta imekaa kimya mara tatu, vipimo vya miezi miwili havipo, na vya Machi vimo katika faili lenye jina lisilofahamika. Kinga yake ni rahisi mno: mkwaju uwekwe mwishoni mwa jina la saraka, akiba/, na hapo jina likikosewa amri hukataa, kwa maana mkwaju husema wazi kwamba inatakiwa saraka wala si kitu kingine. Aidha cp na mv zote mbili zikiongezewa -i huuliza kabla ya kufunika faili lililopo. Yafaa -i iwe desturi ya kila anayejifunza.

Nini hutendeka faili likifutwa

Sasa turejee kwenye ile tarakimu ndogo. Katika mifumo ya jamii ya Unix, jina la faili halimo ndani ya faili. Kila faili lina kadi yake katika diski, iitwayo inodi, yenye namba, ukubwa, mwenyewe, ruhusa, na mahali yaliko maandishi yenyewe. Saraka ni daftari tu la majina, na mbele ya kila jina imeandikwa namba ya kadi. Kwa sababu hiyo faili moja laweza kuwa na majina mawili au zaidi. Amri ln ndiyo iongezayo jina la pili. Tarakimu ile katika ls -l huhesabu majina mangapi yanaielekea kadi hiyo.

Amri rm hufanya kazi ndogo kuliko inavyodhaniwa. Huufuta mstari mmoja katika daftari na kupunguza hesabu ya majina kwa moja. Hesabu ikiwa bado juu ya sifuri, faili lipo salama kwa jina lake jingine. Ikifika sifuri, na ikiwa hakuna programu inayolitumia faili wakati huo, ndipo kadi hutangazwa kuwa wazi na nafasi yake katika diski kuwa huru kupewa mwingine. Maandishi yenyewe hubaki pale pale mpaka yaandikwe mengine juu yake.

Kutokana na hayo hupatikana jambo ambalo huwashangaza wengi. Ruhusa ihitajikayo kulifuta faili si ruhusa ya kuliandika faili hilo, bali ya kuiandika saraka lilimo, kwa kuwa linaloguswa ni daftari. Mtu aliyelipa faili lake ruhusa ya kusomwa tu, akidhani amelikinga, hajalikinga na ufutaji. Ni kweli kwamba rm huuliza kwanza inapokutana na faili kama hilo, lakini swali hilo ni adabu tu. Akijibiwa ndiyo, faili limekwenda.

Mfumo wa MS-DOS, uliotoka mwaka 1981 na ambao amri zake DIR, COPY na DEL bado zimo katika Windows, ulikuwa na namna yake. DEL ilibadili alama ya kwanza ya jina la faili katika saraka. Kwa hiyo mtumiaji aliyewahi kabla nafasi haijatumiwa aliweza kulirudisha faili kwa kuitaja upya herufi ile ya kwanza, na toleo la mwaka 1991 lilikuja na amri maalumu kwa kazi hiyo, UNDELETE. Katika Unix na Linux hakuna amri kama hiyo, wala rm haina kapu la takataka la kupekuliwa kesho yake.

Filamu iliyokaribia kupotea

Mwaka 1998 kampuni ya Pixar ya California ilikuwa ikitengeneza filamu ya katuni Toy Story 2. Kila mhusika, kila kiti na kila kofia katika filamu hiyo vilikuwa mafaili katika mashine moja kubwa. Oren Jacob, mmoja wa wakuu wa ufundi, amesimulia jinsi yeye na wenzake walivyokuwa wakitazama saraka ya mhusika Woody mafaili yakaanza kupungua mbele ya macho yao. Mtu fulani alikuwa ametoa amri ya rm pamoja na -r, iliyo na maana ya kushuka katika kila saraka ya ndani, na -f, iliyo na maana ya kutouliza chochote, akiwa amesimama mahali pasipofaa. Walipiga simu mashine ing’olewe umeme. Kwa masimulizi yao wenyewe, kiasi cha tisa katika kumi ya filamu kilikuwa kimekwisha futika.

Kulikuwa na akiba katika tepu. Ilipofunguliwa ilionekana kwamba akiba hiyo ilikuwa imeharibika kwa muda wa kama mwezi mzima, wala hakuna aliyekuwa amejaribu kuisoma. Kilichoiokoa kazi ni kwamba Galyn Susman, mkuu wa ufundi wa filamu hiyo, alikuwa amejifungua mtoto na kufanyia kazi nyumbani, na kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala ya majuma machache yaliyopita. Kompyuta hiyo ilifungwa katika mablanketi na kuchukuliwa kwa gari taratibu hadi ofisini. Filamu ilitoka Novemba 1999, ingawa hadithi yake ilikuwa imetungwa upya kwa sehemu kubwa, na mengi ya mafaili yaliyookolewa kwa jasho hayakutumika.

Nyota na nafasi

Amri ya -r na -f hutisha kwa kuitazama tu. Iliyo ya hatari zaidi ni ile ionekanayo ya kawaida. Ili kuielewa hapana budi kujua kwamba anayeandika katika teminali hasemi moja kwa moja na rm. Kati yao kuna programu nyingine iitwayo ganda, kwa kuwa imekizunguka kiini cha mfumo kama ganda la yai. Ganda hupokea mstari ulioandikwa, huukata vipande kila penye nafasi, kisha kila kipande chenye nyota hugeuzwa kuwa orodha ya majina yanayolingana nacho. Nyota husimama badala ya herufi zozote. Basi mtafiti akiandika

rm *.txt

ganda huyatafuta majina yote yaishiayo kwa .txt na kuipa rm orodha hiyo. Amri rm haiioni nyota kamwe. Lakini kidole kikiteleza na kuacha nafasi,

rm * .txt

mstari sasa una vipande viwili. Cha kwanza ni nyota peke yake, ambayo hugeuka kuwa majina yote yaliyomo katika saraka isipokuwa yale yaanzayo kwa nukta. Cha pili ni .txt, jina la faili lisilokuwapo. Amri rm huyafuta mafaili yote, kisha hulalamika kwamba haikuliona faili liitwalo .txt. Malalamiko hayo ndiyo ishara pekee anayoipata mtumiaji, nayo huja kazi ikiwa imekwisha.

Mafundi waangalifu huandika kwanza ls au echo mahali pa rm. Amri echo *.txt haifuti kitu. Huonyesha orodha ile ile ambayo rm ingepewa. Orodha ikisomwa na kuonekana sawa, mstari hurudishwa kwa kitufe cha mshale wa juu na neno moja tu kubadilishwa. Kwa mafaili yenye nafasi katika majina yake, jina lote huwekwa ndani ya alama za kufunga na kufungua usemi, la sivyo ganda litalikata vipande. Ndiyo sababu wengi huandika mvua-ya-1981 kwa vistari.

Faili likiisha kufutwa kwa makosa, la kufanya kwanza ni kuacha kuandika chochote katika diski ile, kwa kuwa kila faili jipya laweza kuangukia mahali pa lililofutwa. Zipo programu za kutafuta mabaki, na katika diski za sumaku hufaulu mara kwa mara. Katika diski za kisasa zisizo na sehemu izungukayo tumaini ni dogo, maana mfumo huiarifu diski nafasi zipi zimeachwa wazi, nayo huzisafisha yenyewe kabla ya kuombwa.

Kwa hiyo hubaki nakala iliyo katika diski nyingine, ambayo imesomwa na kulinganishwa. Kulinganisha kuna amri yake:

diff -r mvua /media/akiba/mvua

Amri hii hupitia saraka zote mbili, faili kwa faili, na kutaja kila tofauti iliyopo na kila faili lililo upande mmoja tu. Saraka mbili zikilingana hadi baiti ya mwisho, kompyuta haiandiki neno lolote, ila huonyesha alama yake ya kungoja amri nyingine.